Ukingo wa Mto Nile Ubaki Njia ya Wananchi

Imekuwa desturi katika nchi yetu kwamba yanapotajwa matembezi ya kandokando ya mto, fikira za wengi humwendea mara moja mgeni kutoka ng'ambo, mwenye kofia pana, viatu vizito na gari la kukodi linalomngojea barabarani. Mwananchi wa kawaida, yule apandaye teksi kwenda kazini na kurudi, hahesabiwi miongoni mwa watembeao. Na akihesabiwa, basi ni kama mchukuzi wa mizigo au mlinzi wa lango. Sisi twaona kwamba fikira hiyo ina makosa. Tena twaona kwamba makosa hayo yameanza kutugharimu kitu kikubwa kuliko starehe ya siku ya Jumapili, kwa sababu ukingo wa mto usiokanyagwa na wananchi haukawii kupata mmiliki.

Mito yetu ni mingi, nasi hatutajaribu kuizungukia yote. Tutajifunga na kipande kimoja tu ambacho msomaji aliye Kampala, Mukono, Jinja au Iganga aweza kukifikia kwa nauli ya teksi na kurudi kwake kabla ya giza, nacho ni Mto Nile kuanzia pale unapotoka katika Ziwa Viktoria, mjini Jinja, hadi kwenye maporomoko ya Itanda na Kalagala upande wa kaskazini. Wasoga na Waganda huuita mto huo Kiyira, nao waliujua na kuuabudu vizazi vingi kabla mtu yeyote wa ng'ambo hajafika kuutafuta.

Toka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi. Teksi, yaani yale mabasi madogo ya abiria kumi na wanne, huondoka kutwa bila ratiba nyingine ila kujaa. Mabasi makubwa yaendayo Mbale na Soroti nayo hupita hapo hapo. Mwenye kutaka ukingo wa magharibi na ashuke Njeru kabla ya kuvuka mto. Mwenye kutaka ule wa mashariki na avuke mpaka Jinja. Kutoka Njeru kuna barabara ya lami iendayo Kangulumira na Kayunga, ambayo kwa sehemu kubwa yafuata mto upande wake wa magharibi, na teksi haziadimiki. Kutoka Jinja ziko teksi za upande wa Budondo. Baina ya kituo na maji ni mwendo wa miguu, au boda boda kwa yule aliyechoka kabla ya kuanza.

Na hapa pana jambo ambalo wenye magari hawalijui. Mto hauzunguki. Mto huenda, na anayeufuata huenda nao. Mtu aliyeliacha gari lake Njeru hana budi kurudi Njeru kulichukua. Kwa hiyo atatembea nusu ya siku kwenda mbele na nusu nyingine kurudi kwa njia ile ile, akiitazama miti ile ile. Lakini aliyekuja kwa teksi hana kilichomfunga nyuma. Hushuka kituo kimoja, hufuata maji kadiri miguu inavyoweza, kisha hupanda hadi barabarani na kusimamisha teksi nyingine. Kwa matembezi ya mtoni, basi la abiria si chombo cha mnyonge aliyekosa bora. Ndilo chombo chenyewe kifaacho.

Waingereza, ambao hatuwaigi katika kila jambo, walilitambua hili mapema. Mwaka 1996 walifungua njia ya miguu iufuatayo Mto Thames kuanzia chemchemi yake hadi London, urefu wa zaidi ya kilomita 290, na wengi waitembeao huifanya vipande vipande, wakija na kuondoka kwa treni na mabasi. Sehemu kubwa ya njia hiyo haikuchongwa upya. Ni ile njia ya kale ambamo farasi na watu walikuwa wakivuta mashua kwa kamba. Mashua zilipokwisha, njia ikabaki. Yafaa tutaje pia kwamba huko nako walikuwako wenye mashamba waliokataa njia isipite kwao, hata farasi wakalazimika kuvushwa kwa kivuko hadi ng'ambo ya pili na kuendelea huko. Vivuko hivyo vilipokufa, njia ikabaki imekatika katika mahali hapo, na waliotaka kuiunganisha tena miaka mingi baadaye walipata taabu kubwa. Kipande kilichoachwa kwa kumwonea haya mwenye shamba mmoja kiliwatesa watu wa karne iliyofuata.

Mto wetu wa Nile haukuwa na mashua za kuvutwa na farasi. Lakini ulikuwa na njia, na njia hizo zingaliko: njia za wavuvi, njia za ng'ombe, njia za akina mama waendao kuteka maji, njia za waganga na waumini waendao kutambika. Atembeaye humo hukanyaga historia kila baada ya hatua chache. Jina la Jinja lenyewe latokana na mawe, yale mawe yaliyokuwa yakizuia maji ya ziwa na kuyafanya yaporomoke. Tarehe 28 Julai 1862 John Hanning Speke alifika ukingo wa magharibi akayaona maporomoko hayo, akayapa jina la bwana mmoja wa kwao, Ripon, kana kwamba hayakuwa na jina. Mnara wa kumbukumbu yake umesimama hapo. Upande wa mashariki ipo sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu ya mwili wake ilitiwa katika maji haya mwaka 1948. Mbele kidogo ni daraja la reli la mwaka 1931, na daraja jipya lenye nyaya, urefu wake meta 525, lililofunguliwa na Rais Museveni Oktoba 2018. Inasimuliwa pia kwamba katika uwanja wa gofu wa Jinja, ulio karibu na maji, mchezaji ambaye mpira wake ulidumbukia katika unyayo wa kiboko aliruhusiwa kuutoa kwa mkono bila kutozwa adhabu. Sisi si wachezaji wa gofu, lakini kanuni hiyo twaiona ni ya haki.

Maporomoko aliyoyaona Speke hayapo tena. Bwawa la Owen, ambalo sasa laitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maji yakayafunika ya Ripon pamoja na yale ya Owen yenyewe. Likafuata bwawa la Kiira kando yake. Kisha likaja bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012. Nalo likayameza maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga wanayaheshimu kama makao ya mzimu wa Budhagaali, na ambayo mjadala wa kumhamisha mzimu huyo uliwahi kujaza kurasa za magazeti. Mwaka 2019 likafunguliwa la Isimba, megawati 183, chini zaidi. Ramani za zamani bado zaonyesha maporomoko ya Bujagali yakiwa na alama ya povu jeupe. Kijana akienda leo na ramani hiyo atakuta maji yametulia kama ya bwawa la samaki.

Msomaji asitufahamu vibaya. Umeme si adui. Hospitali zetu, viwanda vyetu, shule na kambi zetu zawaka kwa umeme huo, na taifa lisilo na nguvu za umeme haliwezi kujitegemea. Tunachotaka kueleza ni kwamba, kwa kuwa tumekwisha kutoa maporomoko matatu kwa ajili ya mitambo, kile kilichosalia kimekuwa na thamani nyingine. Serikali yenyewe ililitambua jambo hilo. Katika mapatano na Benki ya Dunia ya mwaka 2007, yaliyohusu fedha za bwawa la Bujagali, Uganda iliahidi kwamba mahali pa Kalagala patengwe, pasijengwe bwawa la umeme, palindwe kwa ajili ya mazingira, mila na utalii. Bwawa la Isimba lilipojengwa ulizuka mjadala mkubwa juu ya maji yake yatakavyorudi nyuma na kuingia katika eneo hilo. Pale Kalagala mto hugawanyika kwa kisiwa. Upande wa magharibi ni Kalagala, upande wa mashariki ni Itanda, na ngurumo yake husikika kabla maji hayajaonekana. Basi watu wangapi wa Kampala wamekwisha kuisikia? Twathubutu kusema kwamba kijana wa mji mkuu aijua mitaa ya Dubai katika simu yake kuliko aijuavyo Itanda, mahali ambapo angefika kwa teksi na kurudi siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 237, yasema kwamba Serikali au serikali za mitaa zitashika kwa amana, kwa niaba ya wananchi, maziwa ya asili, mito, ardhi oevu, misitu ya hifadhi, na ardhi yoyote itakayotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii kwa manufaa ya wananchi wote. Nazo Kanuni za mwaka 2000 juu ya ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zaweka ukanda wa ulinzi: meta 100 kila upande kwa mito mikubwa iliyotajwa kwa majina, na Nile ni miongoni mwayo, meta 30 kwa mito midogo. Kwa askari aendaye mwendo wa gwaride, ambaye hatua yake ni inchi 30, meta 100 ni kama hatua 131. Si umbali mkubwa. Mtu mzima aweza kuzihesabu kwa sauti akiwa ameupa mto mgongo, na pale atakapotamka mia moja thelathini na moja ndipo mahali ambapo ukuta wa mtu binafsi ungeweza kuanza.

Twawaomba wasomaji wajaribu hesabu hiyo ukingoni. Katika sehemu kadha wa kadha hawatafika hata hatua ya ishirini. Watakutana na ukuta, au waya wa miiba, au uzio wa michongoma uliokatwa vizuri, na nyuma yake nyumba ya wageni au bustani ya tajiri ishukayo hadi majini. Juu ya lango pana kibao cha Kiingereza kielezacho kwamba hapa ni mali ya mtu na apitaye atashtakiwa. Tumeona jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha: katika ukingo mzima, maneno ya Kiswahili tuliyoyakuta yameandikwa kwenye malango yalikuwa mawili tu, nayo ni "Mbwa Kali." Bibi aliyezoea kushuka na jerikeni yake tangu utotoni sasa hana budi kuzunguka ua mzima ili ayafikie maji yale yale, na mvuvi aliyekuwa akiuegesha mtumbwi wake chini ya mti fulani aambiwa mti huo una mwenyewe.

Haki yataka tutenganishe mambo. Yuko mkulima mdogo ambaye shamba lake la mahindi na viazi lilishuka hadi mtoni tangu zamani za babu yake, asiyejua kanuni wala mwaka wake. Huyo si mnyang'anyi. Huyo huwapisha watu. Njia hupita katikati ya mahindi yake, naye husalimu. Akielezwa kwa upole, na akipewa miche ya miti ya kupanda ukingoni, aghalabu huelewa kuliko tunavyomdhania, kwa sababu ndiye wa kwanza kuuona udongo wake ukichukuliwa na mvua. Tunayemsema ni mwingine: aliye na hati, mwanasheria na mhandisi, aliyeisoma kanuni hiyo kwa lugha iliyoandikiwa, kisha akajenga. Twajua kwamba jibu lake liko tayari mdomoni. Atasema kwamba kanuni haikuufanya ukanda huo kuwa barabara ya umma, imekataza tu usivurugwe. Na kwamba hati yake ya ardhi, iwe ya mailo upande wa Buganda au nyingine upande wa Busoga, yafika majini. Katika hilo la kwanza asema kweli. Kanuni zalinda ukanda; hazikuchora njia ndani yake. Lakini mwenye kujenga ukuta wa mawe ndani ya ukanda uliokatazwa kuvurugwa hawezi kusimama nyuma ya kanuni hiyo hiyo kumzuia mtu atembeaye kwa miguu bila kukata hata jani. Na Katiba imekwisha kufungua mlango: ardhi yaweza kutengwa kwa manufaa ya wote. Kinachosubiriwa ni kutengwa.

Mto wenyewe, kwa hakika, uliwahi kufanya ukaguzi. Mnamo Mei 2020 kina cha Ziwa Viktoria kilipanda hata kikaipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964. Maji yakaingia katika bustani, mikahawa na majumba yaliyosogezwa mno karibu na ufuko, toka Entebbe hadi Jinja. Wengi walilia kwamba maji yamewavamia. Kwa kweli maji yalikuwa nyumbani kwake.

Wako wanaotuambia kwamba kuufungua ukingo kwa kila mtu ni kukaribisha wezi na wahuni, na kwamba mahali penye mabwawa na madaraja pataka tahadhari. Hoja hii yatuhusu sana sisi tulio katika jeshi, kwa hiyo tutaijibu kwa kirefu kidogo. Ni kweli kwamba mabwawa na madaraja makubwa ni mali ya taifa zilindwazo kwa silaha. Njia ya miguu haina budi kukaa mbali nayo, kuzunguka kwa nje na kurudi mtoni baada ya kuyapita, na mtembezi asielekeze kamera huko hata kama jua la jioni limeyapendeza. Askari akimwomba asogee, na asogee. Askari naye na aombe kwa lugha ya adabu, kwa maana huyo ni mwananchi aliyetoka kuitazama nchi yake. Lakini mabwawa hayajaza mto mzima. Baina yake pana kilomita nyingi za ukingo wa kawaida, na huko kinachohatarisha usalama ni kichaka kisichopitwa na mtu. Kila aliyefundishwa doria aelewa kwamba njia ikanyagwayo kila siku na watu wa heshima, wenye watoto na vikapu, ni vigumu kuifanyia uovu, maana macho ni mengi. Njia iliyotupwa ndiyo hujificha mtu.

Majirani zetu wa Kenya wanao ushahidi. Msitu wa Karura, ulio mjini Nairobi kwenyewe, una zaidi ya hekta 1,000, na mto upitao ndani yake una maporomoko na mapango. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kimyakimya kwa wajenzi wa majumba. Januari 1999 marehemu Wangari Maathai alipokwenda na wenzake kupanda mti langoni, walipigwa na watu waliokodiwa, naye akavuja damu kichwani. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, na mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukapona kugawiwa, lakini haukupona woga. Kwa miaka kadhaa watu waliogopa kuingia kwa sababu ya wanyang'anyi. Uliponywa pale wakazi walipojiunga na idara ya misitu, wakaweka walinzi kutoka vijiji vya jirani, wakachonga njia na kuweka alama. Leo watu huenda huko kwa matatu, wengine kwa miguu, familia kwa familia, na njia ya mtoni ni miongoni mwa zipendwazo. Na yule atakayethubutu tena kuugawa msitu huo hatakabiliana na mama mmoja mwenye mche mkononi. Atakabiliana na kila mtu ambaye mtoto wake alijifunza kuendesha baiskeli ndani yake.

Hicho ndicho tunachokitamani kwa Nile. Sheria peke yake, hata ikiwa nzuri, yakaa katika makabati ya Kampala, na maofisa wa mazingira ni wachache kuliko kuta. Mamlaka ya Taifa ya Mazingira haiwezi kumweka mtu mmoja kila meta 100. Lakini teksi zaweza kuleta watu mia, na mia wengine wiki ijayo, na hao wakiona kigingi kimeng'olewa au jiwe jipya la msingi limewekwa, watalitaja kituoni, sokoni, kanisani, msikitini na redioni. Mtu hulalamika kwa ajili ya mahali anapopajua.

Tunasikia pia kwamba matembezi hayaleti fedha. Na aende Sipi, njia ya Mbale kwenda Kapchorwa, ambako teksi za kawaida hupita kijijini kwenyewe. Huko yako maporomoko matatu, lililo kubwa likiwa na kimo cha kama meta 100, na vijana wa kijiji huwaongoza wageni kwenye njia zipitazo baina ya mibuni na migomba, kwa malipo. Shamba la kahawa limebaki shamba la kahawa, na njia imekuwa zao la pili. Kangulumira ni nchi ya mananasi yasiyo na mfano. Mtembezi atokaye Kalagala akiwa na kiu hahitaji kushawishiwa. Gonja ya kuchoma, chai ya tangawizi, mahali pa kuoga miguu, kijana wa kumwonyesha mtu njia ya mkato kwenda barabarani: hivi vyote havihitaji mkopo wa ng'ambo. Kiingilio kidogo kinachotozwa na wenyeji mahali kama Itanda hakitukeri, mradi stakabadhi itolewe na choo kiwe safi.

Twalazimika kusema neno juu ya hatari, kwa sababu huu si mto wa kuchezea. Katika Ziwa Viktoria na katika sehemu zilizotulia za Nile kuna kichocho, na konokono wake hupenda hasa maji ya kando yenye majani. Kwa hiyo haifai kuoga wala kutia miguu kwa muda mrefu, hata kama watoto wa pale wanaogelea na kuita. Pale maji yaendapo mbio yana nguvu ambayo mwogeleaji hodari hawezi kushindana nayo. Tena chini ya mabwawa maji hupanda na kushuka kufuatana na mitambo, wala si kufuatana na mvua. Jiwe pana lililokuwa kavu asubuhi laweza kuwa chini ya maji baadaye, hivyo asilale mtu juu yake akalifanya kitanda. Viatu vilivyofungwa, maji ya kunywa, kofia, na mtu nyumbani ajuaye umekwenda upande gani: yatosha. Mafunzo ya kijeshi hayahitajiwi. Sisi katika chuo cha makadeti tulitembezwa usiku na mchana tukiwa na mzigo mgongoni, tukaijua nchi kwa nyayo kabla ya kuijua kwa ramani, na hakuna somo tulilolishukuru zaidi baadaye. Lakini raia hahitaji mzigo wala sajini wa kumpigia kelele. Na akishika mwendo wake mwenyewe, apumzike anapotaka, ataona mambo mengi ambayo sajini hakuturuhusu kuyatazama.

Basi tunapendekeza nini? Wilaya zinazohusika ni chache: Jinja na jiji lake, Buikwe na Kayunga. Mabaraza yake yakae pamoja na Mamlaka ya Mazingira, yapime zile meta 100 na kuzionyesha kwa vigingi vya saruji, yakianza na kile kilicho chepesi, yaani vipande ambavyo bado havina ukuta. Ndani ya ukanda huo yaainishwe mapito yaliyopo tayari, ya wavuvi na ya wateka maji, yapewe alama ya rangi kwenye miti na mawe, wala yasiwekewe lami. Palipo na bonde la maji madogo pawekwe magogo mawili ya kuvukia. Wenyekiti wa LC I washirikishwe tangu siku ya kwanza, kwa maana ndio wajuao ni njia ipi iliyozibwa mwaka jana na ni nani aliyeiziba. Chama cha madereva wa teksi kiombwe kuweka kibao katika kila kituo kionyeshacho umbali wa kufika mtoni, nacho kiandikwe kwa Lusoga au Luganda, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya pili ya taifa hili kikatiba tangu mwaka 2005, ingawa vibao vyetu havijapata habari.

Kuhusu kuta zilizokwisha kujengwa, hatushauri tingatinga liletwe kesho. Tunashauri mwenye ukuta aitwe, asomewe kanuni, aombwe afungue pito la upana wa meta mbili upande wa maji, naye apewe muda. Wako watakaokubali, maana si kila tajiri ni mkaidi, na mwenye nyumba ya wageni aliye na akili ataona kwamba wapitao ni wateja. Atakayekataa, jina lake na lisomwe katika baraza la wilaya mbele ya wananchi, kisha sheria ifuate mkondo wake mahakamani.

Kipande cha kwanza twapendekeza kiwe cha ukingo wa magharibi, kushuka kuelekea Kalagala, kwa kuwa barabara ya Kangulumira i karibu na teksi hazina shida. Miezi ya Desemba hadi Februari ardhi huwa kavu, njia huonekana na wapimaji hawazami matopeni. Vigingi hivyo vyaweza kuwa vimesimikwa kabla ya mvua za Machi.